Pembe za Shamba

Maneno yaliyosemwa asubuhi ya Sikukuu ya Mavuno, usharikani, wilayani Ngara

Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, baba zangu na mama zangu, vijana, na ninyi wageni mliokaa pale nyuma karibu na mlango: sogeeni mbele, nafasi ipo. Nimeombwa niseme kidogo juu ya utoaji kabla ya ibada kuu. Tangu nilipoingia macho yangu yako pale madhabahuni. Naona mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, mihogo, kahawa kwenye ungo, na jogoo wawili waliofungwa miguu. Mungu ametutendea mema msimu huu, na kila aliyebeba kitu hapa leo amekitolea jasho.

Neno langu liko Mambo ya Walawi, sura ya 19. Ni kitabu tunachokipita haraka tukisoma Biblia kwa mwaka, kwa sababu ya sheria zake nyingi za damu na ukoma. Lakini mkulima akifika mstari wa tisa lazima asimame: "Nanyi hapo mtakapovuna mavuno ya nchi yenu, usivune kabisa pembe za shamba lako, wala usiyakusanye masazo ya mavuno yako." Halafu, baada ya kutaja na mizabibu, Mungu anasema hayo yaachwe kwa ajili ya maskini na mgeni, naye anaweka jina lake chini kama mtu atiaye sahihi: Mimi ndimi Bwana, Mungu wenu.

Maskini na mgeni. Wametajwa pamoja, kwa pumzi moja.

Hebu tuitazame amri hii kikulima. Mungu hakumwambia mwenye shamba avune yote, apure, apepete, ajaze magunia, kisha awaite maskini wapange foleni uani kwake. Amemwambia asiiguse ile pembe. Maskini atakuja mwenyewe na kikapu chake, atavuna kwa mkono wake, ataondoka bila kumpigia mtu magoti. Huenda mwenye shamba asiione hata sura yake. Na kipimo cha hiyo pembe Torati haikitaji. Walimu wa Kiyahudi wa baadaye walisema isipungue sehemu moja ya sitini ya shamba, lakini Musa mwenyewe aliliacha wazi, na nadhani liliachwa wazi kwa makusudi, ili kila mtu apime moyo wake akiwa peke yake shambani na mundu mkononi.

Sasa linganisheni na namna tunavyotoa siku hizi. Mjane anapelekewa kilo tano za unga, mche wa sabuni na chumvi, na nyuma yake kinashikiliwa kitambaa kilichoandikwa jina la kikundi. Anaambiwa asogee kidogo kushoto, atabasamu. Picha inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla unga haujafika jikoni. Nimekuwamo katika picha kama hizo, nasema nikijua ninachosema. Yule mama tuliyempelekea mara ya mwisho alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani, maana aliambiwa watakuja watu. Aliukumbatia ule mfuko mbele ya simu sita, na macho yake yalikuwa chini muda wote. Mjukuu wake anasoma shule ninayofundisha. Jumatatu wenzake walikuwa wameiona picha.

Pembe ya shamba haina picha. Ndiyo maana naipenda.

Mnamjua mwanamke mmoja aliyekula kutoka kwenye pembe hizo. Ruthu alikuwa Mmoabi, mtu wa taifa ambalo Waisraeli hawakuelewana nalo hata kidogo, na kwa kuwa alikuwa mjane asiye na mtoto alikuwa maskini na mgeni kwa wakati mmoja. Aliingia shamba la Boazi kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Boazi angeweza kusema, sheria nimeitimiza, pembe ile pale, aendelee. Lakini someni sura ya pili polepole. Kwanza anawaagiza vijana wake wasimguse yule mwanamke. Alijua mambo yanayowapata wanawake wageni mashambani, na akaanza na usalama wake kabla ya chakula. Pili, saa ya kula ilipofika alimwita aje kuketi na wavunaji, achovye tonge lake pamoja nao. Tatu, aliwaambia wavunaji wachomoe masuke kutoka kwenye matita na kuyaangusha kama vile yamewaponyoka, wala wasimkemee. Jioni Ruthu alipopura alipata kama efa moja ya shayiri. Efa ni kama debe letu, na ushee kidogo. Debe zima kwa siku moja ya kuokota! Kila aliyewahi kuokota masazo anajua debe halipatikani hivyo. Lilipatikana kwa sababu mtu aliwaambia watu wake waangushe.

Na Mathayo, akiandika ukoo wa Bwana Yesu, hakulificha jina la huyu mgeni. Liko sura ya kwanza, mstari wa tano.

Wenzangu wa rika langu mnajua kwa nini siwezi kusoma habari ya mgeni katika wilaya hii bila kurudi mwaka 1994. Nilikuwa darasa la tatu. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara itokayo Rusumo. Tarehe 28 Aprili watu walianza kuvuka daraja kutoka Rwanda, na kwa muda wa kama saa ishirini na nne walivuka watu wanaokadiriwa kufika 250,000. Namba hiyo niliisoma nikiwa mtu mzima. Nilichokiona utotoni ni barabara iliyogeuka kuwa watu. Walibeba magodoro, vyungu, baiskeli zisizo na matairi, wazee mgongoni, na wengi hawakubeba kitu. Walipita mchana, wakapita usiku. Tulilala tukisikia miguu, tukaamka tukisikia miguu. Walielekea Benaco, palipogeuka kambi ya wakimbizi, na baada ya siku chache vilima tulivyochungia mbuzi vilikuwa vimefunikwa na turubai la buluu mpaka macho yanaishia.

Maharage ya mama yalikuwa yametoa maganda mabichi. Shamba lilishuka kutoka nyumbani mpaka barabarani, mistari kama arobaini. Asubuhi ya pili tulikuta upande wa barabarani umenyonyolewa, maganda na majani, miche imelala. Mama alikaa chini kwenye tuta akalia. Tulikuwa watoto sita na maharage yale ndiyo yaliyokuwa ada na mafuta ya taa. Baba akasema atakesha na fimbo.

Sijui mama alizungumza nini na Mungu wake siku ile. Jioni alitushika mkono mimi na dada yangu akatupeleka shambani. Akahesabu mistari minne kutoka barabarani, akachomeka kijiti. "Hii msiipalilie tena, wala msije mkaivuna. Ina wenyewe." Baba alimwambia, ukiwapa minne watachukua kumi. Na ni kweli, walichukua kumi. Msimu ule tulivuna madebe mawili mahali pa magunia mawili, na dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Nayasema haya kwa sababu tukisimulia ukarimu tunapenda kumalizia kwa gunia lililojaa kimuujiza. Letu halikujaa. Kuni ziliisha, mama akawa anatembea nusu siku kwenda kuzitafuta, kisima kikawa tope. Wilaya hii iligharimika, na asiyekubali hilo hajaishi hapa.

Lakini kijiti hakikung'olewa. Msimu uliofuata kilikuwa pale pale, na uliofuata pia. Kati ya wale waliokuja kuchuma namkumbuka mama mmoja kijana, mtoto mgongoni amefungwa kwa gunia la msaada lililokatwa. Lugha yetu na yao ni ndugu, tulielewana bila mkalimani. Alichuma akiwa amechuchumaa, haraka haraka, jicho moja kwenye nyumba yetu. Mama yangu alipotoka mlangoni yule mwanamke aliacha kila kitu akasimama kukimbia. Mama akamwita, akampelekea kikapu, kwa sababu alikuwa anachumia kwenye upande wa nguo yake na maharage yanadondoka. Ni hilo tu. Kikapu kilirudi baada ya siku tatu, kimefuliwa, kimewekwa juu ya jiwe kando ya barabara.

Kuna neno gumu hapa na sitaki kulikwepa, maana vijana huniuliza. Katika umati ule walikuwamo watu waliomwaga damu katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tulijua. Redio ilisema, na wengine walikuwa na namna ya kuangalia iliyotutisha sisi watoto. Walikuwamo pia wengi sana, wanawake, watoto na wazee, ambao hawakumgusa mtu. Barabarani wote walikuwa na vumbi lile lile. Mama hakuwa na uwezo wa kuwatenga, na hakujipa kazi hiyo. Hukumu ilijengewa nyumba yake: mwishoni mwa mwaka ule ule Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya Rwanda, ikaja kukaa Arusha, na kesi zikasikilizwa huko kwa miaka. Ilikuwa haki na ilikuwa lazima. Lakini mtoto aliye mgongoni hangeweza kungoja hukumu ya Arusha ili apate maharage. Bwana Yesu alisema Baba yetu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mkulima anayeielewa mvua atayaelewa maneno haya kuliko mtu mwingine yeyote. Kumlisha mtu si kumtangaza kuwa hana hatia.

Desemba 1996 barabara ile ile ilijaa tena, safari hii wakielekea Rusumo. Serikali ilikuwa imeamua warudi, na wengi hawakwenda kwa hiari. Sisi tulisimama kando tukitazama.

Zamani sana, mwaka 369 hivi, huko Kapadokia ambako leo ni Uturuki, mvua ilikata na njaa ikaingia mji wa Kaisaria. Wenye nafaka wakafanya tunachokijua vizuri hapa kwetu: wakafunga ghala wakingoja bei ipande. Basili, ambaye alikuwa bado kasisi tu, hajawa askofu, akasimama akawahubiria watu hao usoni. Aliwaambia kwamba mkate ulioufungia ni wa mwenye njaa, na vazi lililolala sandukuni mwako ni la aliye uchi. Sikilizeni neno hilo, "ni wa". Hakusema ingekuwa vyema uwape. Alisema tayari ni mali yao, imekaa kwako. Ni sheria ya pembe ya shamba imeingia mjini na kugonga mlango wa ghala. Ghala zikafunguliwa. Kisha Basili mwenyewe, mtu wa ukoo wa kitajiri na msomi wa Athens, akajifunga kitambaa kiunoni akasimamia vyungu vya mchuzi na kuwagawia wenye njaa.

Njaa ikapita, na hapo ndipo wengi wetu tungeosha vyungu na kurudi nyumbani. Yeye alijenga nje ya mji mahali pa wasafiri, wagonjwa na maskini, pakiwa na waganga na wahudumu. Wenye ukoma walipokelewa humo, watu ambao ndugu zao walikuwa wamewafukuza. Rafiki yake Gregori alipaita mji mpya. Palidumu baada ya Basili kufariki mwaka 379, na watu walipaita kwa jina lake.

Waswahili wana methali ambayo tunaitumia vibaya: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaisema mgeni anapotuchosha, kumaanisha sasa aondoke. Lakini jembe si fimbo ya kumfukuzia mtu. Ukimpa mtu jembe lazima umpe na mahali pa kulima, na mtu mwenye mahali pa kulima ameacha kuwa mgeni. Nchi hii iliwahi kuielewa methali hiyo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na shirika la makanisa la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lilikuwa miongoni mwa waliowasaidia kuanza. Walikata pori wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Miaka arobaini na zaidi, ndiyo, ni mingi mno kumngojesha mtu. Lakini walianza na jembe.

Sasa nifike nyumbani kabisa, na mnivumilie.

Mwezi uliopita, jioni, kijana aligonga kwangu akiomba maji. Kijana wa Burundi, kati ya wale wanaovuka kuja kulima vibarua msimu wa kazi. Alikunywa vikombe vitatu amesimama. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka, na moja ya nyufa ilikuwa imejaa udongo mkavu. Nikamuuliza anakwenda wapi usiku. Akanieleza amelima wiki tatu shamba la mtu, akiambiwa kila Jumamosi kwamba hesabu itafanywa mwisho. Siku ya mwisho alipodai, mwenye shamba akamuuliza, una kibali? Akamwambia akingoja mpaka asubuhi atakuta watu wa uhamiaji. Kijana akachukua mfuko wake akaondoka bila senti. Mwenye shamba simtaji, ninyi nyote ni ndugu zangu. Nitasema tu kwamba ni mtu anayesali.

Na kijana huyo si wa kwanza. Mnajua kwamba mnajua.

Turudi Walawi 19. Amri ya pembe za shamba iko mstari wa 9 na wa 10. Shukeni mistari mitatu tu, mstari wa 13: "ujira wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi." Usiku mmoja! Mungu hakuruhusu hata usiku mmoja, kwa sababu kibarua hula cha leo leo. Na Yakobo, ndugu yake Bwana, aliandika maneno ambayo sijui tunayasomaje siku ya mavuno bila kutetemeka: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele." Anasema ni ujira wenyewe unaopiga kelele, fedha zilizokunjwa mfukoni au zilizokwisha kugeuka gunia. Nimetazama madhabahu ile tangu asubuhi, na nawaambieni kwa upendo, nimekuwa nikijiuliza kama katika magunia yale hakuna linalopiga kelele.

Kumlipa kibarua si ukarimu. Ni deni. Ukarimu unaanzia ng'ambo ya hapo: maji ya kunywa kabla hajaomba, chakula cha mchana kama cha Boazi, mahali pa kulala pasipovuja, kuwaambia vijana wako wasimguse dada wa watu aliyekuja kupalilia. Hatuwezi kuruka deni tukatua kwenye sadaka. Ndiyo sababu nimeona haya kusema juu ya utoaji wa fungu la kumi leo, ingawa ndilo nililoombwa, na mchungaji atanisamehe.

Nimezungumza na wazee wa kanisa na wamekubali mambo mawili. Shamba la usharika, lile la kando ya barabara, kuanzia msimu ujao mistari minne ya mwisho itachomekwa kijiti. Haitapaliliwa na kikundi wala haitavunwa, na hakuna atakayesimama pale kuangalia ni nani amekuja. Na mtunza hazina atakaa ofisini leo, mlango ukiwa wazi nusu. Mwenye deni la kibarua aliyekwisha kuondoka, ambaye hajui atampata wapi, aache fedha pale na jina la mtu huyo kama analijua, au kijiji chake, au hata maelezo tu kwamba alikuwa kijana mrefu aliyekuja na mwenzake. Vibarua hujuana, na wapo walioko hapa leo wanaoweza kufikisha ujumbe ng'ambo ya mpaka. Hatutaandika jina la aliyeleta.

Wale ambao kibarua wao bado yuko, yuko kule shambani au kwenye kibanda nyuma ya nyumba, Bwana Yesu alikwisha kuwapangia ratiba: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Ndizi zitabaki pale pale, hakuna atakayezigusa. Ibada kuu inaanza saa nne, mnada ni saa nane mchana. Sasa hivi ni saa tatu kasoro robo, na wengi mmekuja na pikipiki.